Kisu Kilichokataa Kukunjwa

Katsuva alitengeneza vitu vidogo: miavuli iliyovunjika mbavu, tochi, makufuli, zipu za mabegi, visu. Meza yake ilikuwa kando ya mfereji, nyuma ya wauza chumvi katika soko la Bunia. Mimi nashona viatu, na nilikaa karibu naye miaka mingi, hata mteja akikosa kunikuta alimwachia yeye kiatu. Alikuwa mtu wa Butembo, mji wa mbali kusini. Alikuja kwetu kijana kutafuta maisha, akamuoa Musoki wa kwao, wakazalia hapa. Wakati wa vita walikimbia kwa miguu kupitia barabara ya Komanda, godoro kichwani. Watu walipoanza kurudi, yeye pia alirudi. Alikuta meza yake imekuwa kuni za wengine, akatengeneza nyingine.

Aliporudi alikuwa na tabia moja mpya. Hakumuuliza mteja jina. Katika miaka ile jina lilikuwa linaonyesha mtu anatoka upande gani, na ukishajua upande, unaanza kuhesabu mambo ambayo hukutaka kuyahesabu. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa patron, na kila mwanamke alikuwa mama. Alipokea kitu, akakitazama, akasema lini kitakuwa tayari. Magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalipita na askari wake, vijana waliotoka msituni wakauza muda wa simu pembeni yetu, watu wa pande zote mbili wakanunua chumvi kwa mtu mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi mwaka ule.

Sasa niseme habari ya kisu.

Kabla ya vita kulikuwa na mfugaji jina lake Augustin. Alikuwa na ng'ombe wachache pembeni ya mji, na kila asubuhi mke wake Bénédicte alileta maziwa sokoni. Augustin alikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe. Kisu cha namna ile kina mchuma mrefu, ukanda wa chuma unaosukuma kama springi, mgongoni mwa mpini. Ukikifungua, ncha ya mchuma inaingia kwenye pengo dogo nyuma ya bapa na kulishika, na bapa halirudi mpaka uubonyeze mchuma. Mchuma wa kisu cha Augustin ulikuwa umechoka. Siku moja alikuwa anachonga ukwato wa dume, kisu kikamkunjikia kidoleni, kikamkata hadi mfupa. Alikuja na kidole kimefungwa kitambaa, akaweka kisu mezani, akasema anataka kishike namna ambayo hata dume akikikanyaga hakitakunjika.

Katsuva alimsikiliza kupita kiasi. Alikata kipande cha msumeno wa chuma, akakisugua mpaka kikaingia vizuri mahali pa ule mchuma wa zamani. Toka hapo kisu kikifunguka kilikuwa kama kimemwagiwa saruji. Ili kukifunga ilibidi ukae, uweke mpini juu ya paja, uvute bapa kwenda juu kidogo kama mtu anayetaka kulifungua zaidi, ndipo ubonyeze kwa kisigino cha mkono. Hapo kinalia tak, kinakubali. Ukisahau kuvuta juu kwanza, unaweza kubonyeza mpaka kidole gumba kitoke damu, na kisu kinakutazama tu.

Augustin alikipenda. Alitembea akituambia kwamba dunia nzima ina watu watatu wanaoweza kufunga kisu chake: yeye, mke wake na Katsuva. Mwizi akikiiba, alisema, atatembea nacho wazi kama mjinga.

Vita vilipoingia mjini, Augustin alimwambia mke wake atangulie na watoto. Yeye alikuwa anakwenda kukata kamba za ndama ili wasife wamefungwa, kisha angewafuata. Hakuwafuata.

Bénédicte alirudi Bunia na watoto, bila ng'ombe. Alinunua maziwa kwa wengine akayauza mbele kidogo ya meza zetu, ng'ambo ya mfereji. Wengine walisema Augustin alivuka ziwa, yuko Uganda, ana mke mwingine kule. Walisema mbele yake, kama mtu anayempa habari njema. Yeye aliendelea kupima maziwa.

Kwa familia ya mume wake kulikuwa na desturi. Mtu akipotea na mwili usionekane, wanakata mgomba, wanauvika nguo zake, wanauzika kama mtu, na kilio kinafungwa. Bila hivyo marehemu anabaki kama mtu aliyetoka kidogo tu, na mambo ya nyumba yake yanasimama. Nicolas, kaka mkubwa wa Augustin, alikuwa ameomba jambo hilo mara nyingi. Bénédicte alikataa kila mara. Lakini sasa binti yake Dorothée alikuwa amepata mchumba, na ng'ombe wa mahari hawawezi kuingia katika nyumba ambayo baba yake hajazikwa. Nicolas alipanga siku, Jumamosi, bila kumuuliza tena.

Juma lile Bénédicte alisimama mbele ya meza ya Katsuva na ndoo ya maziwa mkononi. Hakuwa na kitu cha kutengeneza. Alitaka tu kumwambia mtu aliyemjua mume wake.

"Mimi sitalia juu ya mugomba," alisema. "Nimupike chakula miaka yote ile, halafu nililie mugomba? Banionyeshe fasi, pahali iko. Hata kama ni mufupa moja, nitalia, na yeye atasikia."

Katsuva alimwitikia kwa kichwa.

Baada ya siku moja au mbili akaja muuza makala, yale makaa ya kupikia. Hapa nimwite Ézéchiel. Si jina lake. Mimi nilimjua kwa sababu tulinunua makala kwake nyumbani, lakini Katsuva hakumjua. Alikuwa mtu wa makamo kama sisi, mpole, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alitoa kitu kilichozungushiwa tambara. Kilikuwa kisu cha kukunja, kimefunguka, bapa limekwisha kwa kunolewa juu ya jiwe, mpini umekuwa mweusi kwa mafuta ya jikoni. Alieleza kwamba mtoto wake mdogo amekikanyaga akajikata mguuni, na mama yake amesema kile kisu hakilali tena ndani ya nyumba.

"Muzee, hii inakatala kufunga," alisema. "Tangu niko nayo haiyafunga hata siku moja."

Katsuva alikuwa anamalizia kufuli la mtu mwingine, na akili yake ilikuwa kule. Alipokea kisu, akafuta, akakiweka pajani, akavuta bapa juu kidogo, akabonyeza. Tak. Alifanya yote kwa mara moja, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Kisha mikono yake ikasimama.

Ézéchiel alicheka kwa furaha. Alisema ameshajaribu kwa nyundo, kwa mafuta, kwa meno ya shemeji yake, na huyu muzee amekifunga kama kitabu. Aliuliza kimefanywa namna gani. Halafu akaona uso wa Katsuva, na kicheko kikaisha.

"Hii nilitengeneza mimi," Katsuva alisema.

Niliinamisha kichwa juu ya kiatu. Ézéchiel alinyoosha mkono apewe kisu chake, na Katsuva hakumpa. Ézéchiel akasema alikinunua Nizi, kwa wachimba dhahabu.

"Bachimba zahabu ba Nizi banauzaka kisu wazi?"

Ézéchiel aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama barabara, kuona nani yuko karibu. Mtu wa upande wa Ézéchiel kukutwa na kisu cha mtu wa upande wa pili, katika soko lile, lilikuwa jambo la kufa. Wasingemngoja aeleze. Katsuva aliliona hilo usoni mwake, kwa sababu alisogea akamkinga na mgongo wake, na akasema kwa sauti ya chini sana.

"Patron, siulizi nani alifanya. Sitauliza. Ninauliza mwenye kisu iko wapi."

Ézéchiel aliondoka bila kisu. Hakukimbia, ila tambara lake alilisahau juu ya meza.

Siku ile Katsuva hakufanya kazi nyingine. Bénédicte alipita kwenda nyumbani, akatusalimu, na Katsuva akafunika kisu kwa kiganja. Baadaye alinieleza kwamba alimwambia mke wake yote, na Musoki alikasirika kama hajawahi kukasirika. Alimkumbusha kwamba ugomvi ule si wao. "Weye ni mugeni hapa," Musoki alimwambia. "Siye tulishakimbia mara moja na godoro ku kichwa. Tupa ile kisu mu choo, ulale." Katsuva alisema alifika mpaka mlangoni pa choo. Alisimama pale, akarudi.

Kesho yake asubuhi Ézéchiel alikuja bila makala. Alikaa kwenye benchi la wateja, mgongo kwa barabara, akavua kiatu chake kimoja akanipa nikishone ingawa kilikuwa kizima. Nilikishona. Alianza kusema akitazama miguu yake.

Mwaka ule alikuwa na pusu-pusu, mkokoteni wa kusukuma, akibeba mizigo ya watu. Juma ambalo kila mtu alijifungia ndani, yeye alikamatwa njiani na watu wenye bunduki. Walitaka pusu-pusu pamoja na mwenyewe. Walimzungusha mitaani kuokota maiti na kuzipeleka kwenye mashimo ya zamani ya matofali. Alibeba wa kila namna, alisema, wa pande zote, na wengine alikuwa amewauzia vitu. Mmoja alikuwa karibu na zizi, na mkononi alikuwa na kisu kimefunguka, ameshika sana. Ézéchiel alikitoa. Alijiambia kwamba usiku huo atakimbilia msituni na mtu wa msituni anahitaji kisu. Ilibidi kunyoosha vidole kimoja kimoja. Kisha alipotaka kukitia mfukoni hakikukubali kufunga, na toka hapo alitembea nacho kimeviringishwa ndani ya shati, na kilipofika nyumbani kikawa kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, na cha kabichi, kila siku wazi, mbele ya macho yake.

"Mukono ingine ilikuwa na kamba ya bleu," alisema. "Ile nilimwachia."

Katsuva alimwomba amwonyeshe shimo. Walipatana kwamba atamwonyesha yeye peke yake, wakitembea mbali mbali kama watu wasiojuana, na kwamba jina lake halitatajwa. "Jina yako sijui," Katsuva alimwambia. "Na usiniambie."

Walikwenda mchana uleule. Aliporudi, Katsuva alikunywa maji mengi kwanza. Aliniambia mashimo hayapo tena. Yamefukiwa, viwanja vimeuzwa, kuna nyumba na miti michanga ya avokado. Juu ya lile shimo kuna ua wa wapangaji waliotoka Gety walipokimbia matatizo ya kule. Wanaanika mihogo pale. Hawajui lolote.

Alimwita Bénédicte siku iliyofuata, alipomaliza maziwa yake. Alimkalisha kwenye benchi na kuweka kisu juu ya meza kikiwa kimefungwa. Bénédicte hakukishika. Katsuva alimweleza aliyosikia, kwa maneno machache, na alipofika kwenye kamba, Bénédicte alimkatiza.

"Kamba ya rangi gani?"

"Bleu."

"Ilikuwa yangu," Bénédicte alisema. "Ya kuanikia nguo. Aliikamata siku ile kwa kufungia ndama, nikamufokea."

Sasa alikichukua kisu mezani. Kisha akauliza kama hiyo ni kusema kwamba alifika kwa ndama. Katsuva akasema ndiyo, alifika, na inaonekana alishakata angalau kamba moja. Bénédicte hakuuliza nani aliyemuua wala nani aliyeleta kisu. Aliomba tu kupelekwa.

Walikwenda wote wawili. Kwa wale watu wa Gety Bénédicte hakusema amefuata nini. Aliomba maji ya kunywa, kama mpita njia. Walimletea kikombe na kiti. Alikataa kiti, akakaa chini karibu na mihogo, akanywa polepole. Mama mwenye nyumba alimwonea huruma akadhani ni mgonjwa, akamwongezea maji. Katsuva aliniambia kwamba kikombe cha pili hakukinywa. Alikimimina chini kidogo kidogo kando ya mguu wake, huku wakizungumza habari ya bei ya mihogo. Kuondoka, alishukuru, na ndani ya mkono alikuwa na udongo.

Kuchimba hakukuwezekana. Kungehitaji mkubwa wa mtaa, na kutaja majina, na kuita watu, na wale waliolala pale ni wengi, na kila mmoja ana ndugu zake. Jambo lingewaka kabla jembe halijagusa chini. Bénédicte alilijua hilo bila kuambiwa.

Jumamosi walizika mgomba. Nilikwenda kama majirani wengine. Ulivikwa koti la Augustin, na sanduku lilikuwa la mbao nzuri. Bénédicte alitia ndani yake fundo la kitenge lenye udongo ule, na akalia. Watu walitazamana, kwa sababu wote walijua alivyoapa kwamba hatalia. Alilia mpaka wanawake wakamshika. Kama angeishia hapo, yangekuwa yamekwisha. Lakini aliingiza mkono kiunoni akatoa kisu, akitaka kukitia sandukuni pia, na Nicolas akauona ule mpini.

Nicolas alimshika mkono. Aliuliza kimetoka wapi, na Bénédicte akasema kimerudi. Nani amekileta? Bénédicte alitazama sanduku tu. Nicolas alikichukua akakitia mfukoni, na mazishi yakaendelea, lakini vijana wa familia walikuwa wameanza kunong'ona.

Jumatatu walikuja sokoni, Nicolas na vijana wawili. Hawakuhitaji kuambiwa, kila mtu alijua nani aliyetengeneza kisu kile. Nicolas aliuliza kwa adabu kwanza. Katsuva alisema mteja amekileta, hakumuuliza jina, na aliyekileta si aliyeua.

"Kama si yeye, ni nani?"

"Sikuuliza."

"Weye mutu wa Butembo," Nicolas alisema, "unakula hapa kwetu miaka yote, na unaficha muuaji wa ndugu yangu?"

Katsuva alirudia maneno yaleyale, neno kwa neno. Vijana walipindua meza. Skrubu na resori, zile springi ndogo, zilimwagika kwenye mfereji. Alipoinama kuziokota, mmoja akasimama juu ya mkono wake wa kulia, akauzungusha kiatu kama mtu anayezima sigara. Aliulizwa tena akiwa chini vile. Alisema hakuuliza jina. Soko lote lilitazama, hata wauza chumvi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Askari walisikika wanakuja, ndipo Nicolas na vijana wake wakaondoka.

Ézéchiel alihama na watoto wake juma lilelile. Nasikia anachoma makala upande wa Epulu, au alikuwa anachoma, sijui zaidi. Dorothée aliolewa, ng'ombe waliingia. Mkono wa Katsuva ulivimba ukapungua, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Alijifunza kushika vitu kwa mkono wa kushoto. Kazi iliyochukua asubuhi ikawa inachukua siku nzima, na wateja wengi walikwenda kwa kijana mmoja mwenye kioski upande wa pili. Hakulalamika, wala hakumtaja Nicolas kwangu.

Mvua zilikuwa zimeshaanza tena siku Nicolas alipokuja. Alikuwa peke yake, na kitu kimezungushiwa gazeti. Alikaa kwenye benchi bila kusalimu, akafungua gazeti juu ya meza. Kilikuwa kile kisu, kimefunguka. Inaonekana alikuwa amekifungua siku fulani kukitazama, na hakikukubali kurudi. Kwenye kidole gumba chake kulikuwa na kidonda kilichoanza kukauka.

Katsuva alikitazama kisu bila kukigusa, kisha akainua mkono wake wa kulia, vidole viwili vimenyooka, si kwa kumwonyesha ubaya, ila kueleza tu.

"Mimi siwezi tena," alisema. "Inaomba nguvu ya mukono. Peleka kwa shemeji yako. Yeye anajua."

Nicolas alikaa kidogo. Alizungusha tena gazeti, akavuka mfereji mpaka kwa Bénédicte. Tulimwona anasimama mbele ya ndoo za maziwa kama mteja. Alifungua gazeti, akampa kisu. Bénédicte alifuta mikono, akakaa, akaweka kisu pajani, akavuta bapa juu kidogo, akabonyeza. Kisha akakitia ndani ya kitenge chake, kiunoni, akainuka akaendelea kupima maziwa ya mtu aliyekuwa anangoja. Nicolas alibaki pale na gazeti tupu mkononi, halafu akaenda zake.

Katsuva hakuwa anatazama. Alikuwa ameinamia tochi ya mtu, anajaribu kuokota skrubu kwa mkono wa kushoto, na ilimponyoka mara kadhaa kabla hajaipata.